Apu inasema sentimita 85: wiki moja ya theluji Hakuba, namba kwa namba

Karibu kila mtu anayekuja Japani kuskii ananitumia kitu kilekile, skrinshoti ya apu yenye vibox vya bluu na namba kubwa, halafu swali, "vipi hapo, si ndo yenyewe?" Sasa nimeamua nichukue kisa kimoja nikichambue mwanzo mwisho, wiki moja ya mwisho wa Januari hapa Hakuba, mkoa wa Nagano, kwa sababu wiki ile ilibeba karibu kila kitu, mvua, upepo, theluji ya kumwaga, lifti kusimama, na siku moja safi ambayo nusura iwapite wenyewe hivihivi. Wahusika ni binamu yangu na mkewe, wanakaa Dubai, skii wamejifunzia mule ndani ya Ski Dubai kwenye theluji ya mashine, kwa hiyo kugeuka na kusimama wanajua vizuri tu, ila mlima wenye hali ya hewa yake walikuwa hawajakutana nao.

Skrinshoti yake ilikuwa hivi, Jumatatu mpaka Ijumaa: 0, 15, 38, 28, 4. Jumla sentimita 85. Akaandika, "kaka, Jumanne mpaka Alhamisi hatutoki mlimani, Ijumaa hamna kitu tunaenda kuwaona wale nyani wa maji moto." Yani Jigokudani, kule nyani wanaingia kwenye bwawa la maji ya moto huku theluji imewajaa kichwani, ni mwendo wa gari saa moja na nusu na zaidi kutoka hapa. Shemeji alishafika kwenye ukurasa wa kulipia ile safari ya Ijumaa.

Mi nikamwambia asilipe kwanza. Nyani waende Jumanne, na Ijumaa wasiipangie kitu chochote zaidi ya mlima. Akanipigia kabisa, anauliza inakuaje siku ya sentimita 15 tuiache halafu siku ya sentimita 4 ndo tuilinde? Ni swali la haki kabisa, na jibu lake ndo uchambuzi wenyewe huu.

Kwanza ujue theluji ya huku inatokea wapi, maana ukishajua hilo nusu ya utabiri unaisoma mwenyewe. Kipindi cha baridi hewa nzito na kavu inajikusanya Siberia, mgandamizo wa hewa unakuwa mkubwa, na hewa ile inaanza kumiminika kuja baharini (mgandamizo huohuo wa bara la Asia una mkono wake hata kwenye kaskazi inayofika pwani kwetu Desemba mpaka Machi). Sasa hewa ya huku kabla haijafika Japani lazima ivuke Bahari ya Japani, na bahari hiyo ina mkondo wa Tsushima unaoleta maji ya vuguvugu kutoka kusini, kwa hiyo hewa ya baridi kali inapita juu ya maji yaliyo na joto kuliko yenyewe, inanyonya mvuke, inapanda, inakuwa mawingu, halafu inaenda kugonga milima ya Japani na kumwaga mzigo wote. Hakuba iko nyuzi 36.7 kaskazini, karibu sawa na Tunis, na bado kijiji kinafukiwa. Sio ukaribu na ncha ya dunia, ni bahari ile.

Kwenye ramani ya hali ya hewa hali hiyo unaitambua haraka, mgandamizo mkubwa upande wa magharibi, mdogo upande wa mashariki, na ile mistari ya mgandamizo imesimama wima juu ya Japani. Ikiwa imebanana sana maana yake upepo mkali na theluji inaangukia zaidi milimani, wenyeji wanaita yamayuki. Ikiwa imelegea lakini huko juu angani kuna baridi kali, theluji inaangukia zaidi mabondeni na pwani, hiyo wanaita satoyuki. Siku ya satoyuki unaweza kuamka gari limefukiwa kijijini halafu ukapanda juu ukakuta kiduchu, na apu haikuelezi hilo, inatoa namba tu.

Na Hakuba ina jambo lake lingine. Sisi tuko upande wa mashariki wa Milima ya Alps ya Kaskazini, nyuma yetu kuna kilele cha Shirouma chenye mita 2,932, yani upepo ukitoka magharibi moja kwa moja, sehemu kubwa ya theluji inabaki ng'ambo ya milima, mkoa wa Toyama, kabla haijatufikia. Tunachotaka ni upepo wenye ukaskazini ndani yake, unaopandisha na bonde la mto Himekawa kutoka Itoigawa kule baharini. Ndo maana kituo cha skii kama Cortina, ambacho kiko kaskazini zaidi ya hili bonde na karibu na bahari, kinapata theluji nyingi siku ambazo sisi huku kusini kidogo tunapata nusu yake. Kwa hiyo mshale wa upepo kwenye utabiri uangalie kabla hujaangalia sentimita.

Sasa turudi kwenye namba za binamu. Apu ya pili aliyoifungua ilisema jumla ni 40 na ushee, ya kwanza 85, akaona mojawapo inadanganya. Hamna inayodanganya. Apu zinachota namba kwenye modeli, yani hesabu za kompyuta za kutabiri hali ya hewa. Modeli ya Ulaya ya ECMWF inaigawa dunia kwenye vyumba vya kilomita 9, ya idara ya hali ya hewa ya Japani inayoitwa MSM ina vyumba vya kilomita 5, na nyingine yao ya LFM ni kilomita 2. Ndani ya kilomita 9 hapa kwetu kuna kijiji, kuna mteremko, kuna kilele, vyote vinasagwa vinakuwa urefu mmoja wa wastani. Juu ya hapo kila apu ina namna yake ya kugeuza maji kuwa theluji. Milimita 10 za maji zikianguka kwenye baridi ya kawaida zinatoa kama sentimita 10, zikianguka kwenye baridi kali na kavu zinaweza kutoa 15 mpaka 20, apu zingine zinatumia kipimo kimoja muda wote na zingine zinabadilisha kufuata joto. Mi siku 5 mbele naangalia mfumo tu, yani kuna mgandamizo mdogo unakuja au haupo, baridi inafuata au haifuati. Namba naanza kuzijali zikibaki siku 2 au 3, na hapo natumia za Kijapani, utabiri wa idara unatoka saa 11 alfajiri, saa 5 asubuhi na saa 11 jioni, saa za huku.

Tuanze na ile 15 ya Jumanne. Ukibonyeza ndani ya apu unaona hiyo namba ni ya juu ya mlima. Happo-One, ndo kituo kikubwa cha hapa, lifti ya chini inaanzia kama mita 760 na ya juu kabisa inaishia 1,831. Joto linashuka kama nyuzi 0.6 kila mita 100, kwa hiyo kati ya chini na juu kuna tofauti ya nyuzi 6 na kitu. Kuna kipimo wenyeji wanakitumia sana, joto la hewa kwenye mita 1,500 hivi, likifika hasi 6 au chini yake basi hata ardhi ya chini inapata theluji. Jumanne ile lilikuwa hasi 1. Sababu yake ilikuwa kwenye ramani, mgandamizo mdogo unapita katikati ya Bahari ya Japani, na huo ukipita pale unavuta hewa ya joto ya kusini iingie kwanza kabla ya baridi kufuata nyuma yake. Hivyo hizo sentimita 15 zilikuwa za theluji ya maji kule juu na mvua kabisa kule chini. Siku ya namna hii nguo zinalowa, theluji iliyokuwepo inakuwa uji, na kesho yake inaganda kama kioo. Nenda kaone nyani.

Wakaenda. Mvua ikanyesha kijijini toka asubuhi mpaka saa tisa mchana.

Jumatano sasa. Mpaka wa hewa baridi ulipita usiku, joto la mita 1,500 likaporomoka mpaka hasi 12, mistari ya mgandamizo ikabanana, upepo wa kaskazini magharibi, na angani kwenye mita elfu 5 na kidogo baridi ikavuka hasi 36, ambacho huku ndo kipimo cha kutegemea theluji kubwa. Sentimita 38 za apu zilitimia na zaidi. Ila kwenye utabiri uleule, ukishuka chini kidogo, kulikuwa na mstari wa upepo uliosema mita 20 kwa sekunde kwenye kilele, na hapa ndo wageni wengi wanapopita bila kuona, kwa sababu Wajapani wanatumia mita kwa sekunde, mtu anaona 20 anadhani ni kilomita, kumbe zidisha mara 3.6, ni kilomita 72 kwa saa. Mgongo wa Happo uko wazi, hauna miti huko juu, upepo huo ukifika lifti za juu zinasimamishwa. Ile asubuhi ubao ulionyesha za juu zote zimeandikwa unkyu, yani hazifanyi kazi, na sababu kyofu, upepo mkali. Hakuna wa kumlaumu pale, kiti cha lifti kikianza kubembea kwenye upepo ule hicho ni kifo.

Na hili sio jipya kwa huu mlima. Olimpiki ya 1998, mbio za wanaume za kushuka kwa kasi zilipangwa hapahapa Happo tarehe 8 Februari, zikaahirishwa na kuahirishwa kwa ajili ya hali ya hewa mpaka tarehe 13, ndo siku ile Hermann Maier aliporuka hewani na kuanguka vibaya, halafu akarudi ndani ya siku chache akachukua dhahabu 2. Siku moja kabla ya anguko lile, bondeni hukuhuku Hakuba, Philip Boit wa Kenya alimaliza wa mwisho kwenye kilomita 10 za skii ya tambarare na bingwa Bjørn Dæhlie akabaki amemsubiri kwenye mstari wa mwisho, kitu ambacho kila nikipita uwanja ule nakikumbuka kwa heshima kubwa. Ninachotaka kusema ni kwamba Olimpiki yenyewe, pamoja na wataalamu wote waliokuwepo, ilikaa ikasubiri mlima uruhusu.

Kwa hiyo Jumatano tukaenda Cortina. Lifti za kule haziendi juu kama za Happo, miti mingi, na kwa upepo ule wa kaskazini magharibi theluji ilikuwa inaingia pale moja kwa moja. Mchana nilinyoosha mkono nikaacha theluji ianguke kwenye glavu nyeusi nikamwonyesha shemeji, kwa muda wa nusu saa hivi zilikuwa zinaanguka chembe duara nyeupe, ngumu kidogo, zinadunda kwenye kitambaa na kubingirika kama punje za mtama, halafu ghafla zikageuka nyota, zile zenye ncha sita unaziona kabisa kwa macho, zinakaa juu ya glavu bila kuyeyuka. Zile za duara zinatoka kwenye wingu lenye mpando mkali, matone ya maji baridi yanagandia juu ya fuwele mpaka inakuwa kidonge. Ukiziona, weka akilini, kwa sababu tabaka la vidonge likifukiwa chini ya theluji nyingine halishikani vizuri, na sisi chini yake tulikuwa tayari na ule ugando laini wa mvua ya Jumanne. Hilo halipo kwenye apu yoyote ya sentimita.

Alhamisi, 28. Bado upepo, lifti za juu bado zimefungwa mpaka mchana. Hapa pia kuna namba nyingine inayochanganya watu, ile ya ripoti ya kituo asubuhi. Sekisetsu ni kina cha theluji yote iliyolala, shinsetsu ni mpya. Mpya tangu lini? Wengine tangu jana jioni, wengine saa 24, na inapimwa kwenye sehemu moja iliyochaguliwa, mara nyingi yenye kinga ya upepo. Kule kwenye mgongo upepo umeparura mpaka kwenye ugando, na kwenye vibonde imejaa mpaka kiunoni. Halafu theluji inajishindilia yenyewe, 40 ya Jumatano haijumlishwi na 28 ya Alhamisi ikawa 68, ukichoma fimbo unapata pungufu ya hapo. Binamu alitaka kubishana na fimbo.

Siku hiyohiyo nikawafungulia taarifa ya maporomoko ya theluji ya Hakuba, inatolewa na Japan Avalanche Network, hatari inapangwa ngazi 1 mpaka 5, na inaeleza tatizo liko wapi, mteremko unaotazama upande gani na kuanzia urefu gani. Nawaomba sana ndugu zangu, isome hata kama huendi nje ya njia, kwa sababu itakusaidia kuelewa kwanini kamba imefungwa pale kwenye mteremko unaouona mzuri kuliko yote. Kuna vijana wanapita chini ya kamba wakiona alama za skii za mwenzao, wanadhani kama yeye amepita basi ni salama. Yeye amepita, uzito wako wewe ndo unaweza kuachia lile tabaka, na mtu akifukiwa dakika 15 za kwanza ndo zenye matumaini makubwa. Shemeji alikuwa wa kwanza kusema hapana, chini ya kamba hatupiti, na nilifurahi sana.

Sasa Ijumaa, ile siku ya sentimita 4. Alhamisi jioni utabiri wa saa 11 ulionyesha mgandamizo mkubwa unasogea juu yetu, mistari inaachiana, upepo unashuka mpaka mita 4 au 5 kwa sekunde kuanzia alfajiri, joto la juu hasi 11, anga linafunguka saa tatu. Fikiria hapo. Siku 2 theluji imelala kule juu na hakuna mtu aliyeikanyaga kwa sababu lifti zilikuwa zimefungwa. Baridi imeitunza ikabaki kavu. Upepo umeondoka. Hizo 4 ni za kupamba tu, mzigo wenyewe ulishaanguka.

Tulikuwa kwenye foleni kabla hawajafungua. Za juu hazikufunguliwa saa ileile, doria walikuwa wanapita kukagua, wanalipua sehemu zenye hatari, unasikia mshindo unarudi kutoka upande wa pili wa bonde, na kamba ya mwisho ikashuka karibu saa nne. Sitaki kueleza sana, ila pauda, yani theluji mpya, laini na kavu, ilifika mapajani, hairuki kama ya mashine, inapasuka kama moshi na haina sauti, na binamu ambaye kwa miaka yote ameskii kwenye ukumbi alipiga kelele mpaka watu wa kwenye lifti wakampungia mkono. Ilidumu mpaka kama saa saba mchana. Baada ya hapo jua likaanza kuilegeza ile miteremko inayotazama kusini, ikawa nzito, na sehemu zingine zikawa zimeshakatwakatwa. Kama saa tatu tu za ubora kabisa ndani ya wiki nzima, na kwenye apu zilikuwa zimeandikwa 4.

Kulikuwa na jambo la mwisho la kusoma. Ndege yao ilikuwa Jumamosi usiku kutoka Narita, na kwa Jumamosi apu ya mlima iliandika 0, jua. Lakini ramani ilionyesha mgandamizo mdogo mwingine unapita kusini ya pwani ya Japani, ule wa upande wa Pasifiki, na huo ndo unaoiletea Tokyo theluji wakati sisi huku milimani tunaota jua. Tokyo haijazoea, sentimita chache tu treni zinachelewa, barabara kuu zinafungwa na ndege zinapangwa upya. Kwa hiyo usiku uleule wa Ijumaa, miguu inauma na nguo hazijakauka, wakapanda basi mpaka Nagano, saa moja hivi, wakawahi Shinkansen, treni ya kasi, ya kwenda Tokyo na kulala karibu na uwanja wa ndege. Jumamosi saa nne asubuhi binamu akanitumia picha kutoka dirishani, barabara nyeupe, magari yametambaa foleni, na chini yake ameandika tu mshale wa upepo: kaskazini mashariki.